Ukianguka, usikubali kuchuliwa kwanza

Mwaka 1984 baba yangu alianguka kutoka kwenye mchikichi kule Simbo, mkoani Kigoma. Nilikuwa darasa la tano. Kamba ya kukwelea ilikatika akiwa ameshashusha mkungu mmoja, akatua kwa mguu wa kulia. Walimbeba juu ya mlango wa jiko hadi nyumbani, na jua halijazama mkandaji alikuwa ameshafika na kibuyu cha mawese ya moto. Alimkanda siku tisa. Kila asubuhi sisi watoto tulitumwa kisimani, lakini tulikuwa tukirudi kabla hajamaliza, na ukuta wa udongo hauzuii sauti ya mtu mzima anayelia. Mfupa wa ugoko ulikuwa umekatika, na kila alipokandwa vipande vilisogea. Uliunga, ndiyo, ila uliunga umepinda, mguu ukawa mfupi kuliko mwenzake. Hakukwea tena.

Nilipokua nikaingia kazi ya kufunga plasta, ile ambayo watu wengi wanaiita hogo. Nimeifanya miaka 26. Sasa nimestaafu, naishi Ujiji, na majirani bado wanagonga mlango usiku wakiwa na mtoto aliyejishika mkono. Ningepewa dakika moja tu ya kusema na watu wa mkoa wetu kuhusu mifupa, ningesema hili: jeraha jipya lisichuliwe wala kukandwa mpaka ijulikane kilichoumia ni nini. Mengine yote nitakayoandika hapa yana faida, lakini hilo ndilo linaloamua kama mtu atatembea sawasawa au atachechemea hadi uzeeni.

Umeteguka au umevunjika?

Jeraha ninaloletewa kuliko yote ni kifundo cha mguu. Kijana anacheza mpira kwenye uwanja wa mchanga, anakanyaga shimo, unyayo unageukia ndani, anasikia kitu kimekatika upande wa nje. Nusu saa haijaisha kifundo kimejaa kama embe. Mara nyingi zilizoumia ni kano, zile nyuzi ngumu zinazoshika mfupa na mfupa mwenzake. Lakini kuna siku ncha ya mfupa nayo inakuwa imeondoka, na kwa macho huwezi kutofautisha. Uvimbe wa kuteguka unaweza kuwa mkubwa kuliko wa kuvunjika. Wala usidanganywe na maneno ya "angekuwa amevunjika asingeweza kuchezesha vidole." Wengi waliovunjika wanachezesha.

Fanya hivi. Mkalishe mgonjwa chini, mguu umenyooka mbele yake, soksi imevuliwa. Usianzie pale palipovimba. Anzia juu, chini kidogo ya goti, ushuke na mfupa taratibu kwa kidole gumba huku ukimwangalia usoni, si mguuni. Uso ndio utakaokujibu. Ukifika kwenye vile vinundu viwili vya mfupa vilivyochomoza kila upande wa kifundo, bonyeza ukingo wa nyuma wa kila kimoja, kuanzia ncha ya chini kabisa ukipanda kiasi cha sentimita 6. Kisha nenda kwenye ukingo wa nje wa unyayo, katikati kati ya kisigino na kidole kidogo, kuna mfupa umetokeza, ubonyeze. Mwisho rudi upande wa ndani, mbele kidogo ya kifundo, ubonyeze mfupa unaopatikana hapo juu ya upinde wa unyayo. Ukimaliza mwambie asimame atembee hatua nne. Nne tu, hata kwa kuchechemea.

Kama mfupa wenyewe unauma mahali popote kati ya hapo, au hatua nne zimemshinda, huyo apelekwe kupigwa picha ya mionzi. Kama maumivu yako kwenye nyama laini tu, mbele na chini ya kinundu cha nje, na amekwenda hatua zake nne, kuna uwezekano mkubwa ameteguka tu. Utaratibu huu uliandikwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992, baada ya kuona watu wengi mno wanapigwa picha bila haja. Kwetu una kazi nyingine. Mtu aliyeko Kagunga, anayetegemea boti kufika mjini, anahitaji kujua kama safari ni ya lazima leo au anaweza kujitibu nyumbani. Usiutumie kwa mtu aliyelewa, wala kwa mtoto mdogo asiyeweza kujieleza, wala kwa mgonjwa wa kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi. Hao uso wao haujibu. Wapeleke tu.

Aliyeteguka, siku mbili tatu za kwanza kazi yake ni kutuliza damu inayovuja ndani. Apumzishe mguu, auinue juu ya mto au gunia lililokunjwa mpaka unyayo uwe juu kuliko kifua. Baridi inapunguza maumivu: chupa ya maji yaliyoganda kutoka dukani, ifungwe kwenye khanga, ikae dakika 15 hadi 20, itolewe, irudiwe baada ya saa mbili au tatu. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja, nayo inaunguza. Kama mtaani hakuna friji, kitambaa kilichoviringishwa na kulowekwa maji ya mtungi kinasaidia pia, ukikibadilisha kila kinapopata joto. Bendeji ya kuvutika ianzie karibu na vidole ipande hadi juu ya kifundo, ikaze kwa kiasi. Vidole vikibadilika rangi au kufa ganzi, legeza.

Asikande kwa maji ya moto. Asichue kwa dawa ya kuwasha. Asinywe pombe. Vyote vitatu vinaongeza damu mahali ambapo tunataka ipungue. Najua mkono wa mama unataka kusugua, hiyo ni huruma. Huruma hiyo iweke kwenye kumletea maji na kumwinulia mguu.

Siku ya tatu au ya nne, maumivu yakishalegea, ndipo mguu unaanza kufanyishwa kazi, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa upande wa pili: wanalala wiki tatu. Kano zinapona vizuri zikivutwa kidogo kidogo. Aketi, aandike herufi zote kuanzia A hewani kwa kidole gumba cha mguu, asubuhi na jioni. Akianza kukanyaga bila shida, asimame kwa mguu ule mmoja akiwa karibu na ukuta, sekunde 30, apumzike, arudie. Baadaye afanye hivyo macho yamefumbwa. Zoezi hili linaonekana dogo lakini ndilo linalozuia kifundo kuteguka mara ya pili na ya tatu, kwa sababu kano ikiumia mguu unasahau kujihisi uko wapi. Mpirani arudi pale atakaporuka kwa mguu huo peke yake mara kumi bila maumivu.

Ukiona umepinda, funga kama ulivyo

Mkono uliopinda pasipo na kiungo, au mguu uliogeukia upande, hauhitaji kupimwa. Umevunjika. Usiunyooshe. Kazi yako ni kuuzuia usitikisike mpaka ufike hospitali, na vifaa unavyo.

Chukulia mkono, kati ya kifundo na kiwiko. Tafuta boksi gumu, la sabuni au la mafuta. Kata kipande kirefu cha kutoka kiganjani hadi kupita kiwiko, ukikunje kwa urefu kama mfereji. Ndani yake tandika nguo laini, fulana kuukuu inatosha, ijae vizuri pale penye nafasi kati ya mkono na boksi. Mwambie mgonjwa aushike mkono wake mwenyewe kwa ule mzima, maana hakuna atakayeushika kwa uangalifu kuliko yeye. Uingize mfereji chini yake taratibu. Funga kwa vitambaa vipana, juu ya palipovunjika na chini yake, kamwe si juu ya pale penyewe. Halafu kitenge kipite shingoni kibebe mkono, kiganja kikiwa juu kidogo kuliko kiwiko. Kwa kijijini upongoo wa jani la mchikichi ukishatolewa miiba unafaa kama banzi, ni mwepesi na umenyooka. Kanuni ni moja mwilini kote: fungia kiungo kilicho juu ya pavunjikapo na kilicho chini yake.

Kabla hujafunga vua pete na bangili. Ukishafunga, bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, uachie. Wekundu urudi ndani ya sekunde mbili hivi. Ukichelewa, legeza.

Kama kuna kidonda juu ya palipovunjika, hata kiwe kidogo kama tundu la msumari, hesabu kwamba mfupa umeonana na nje. Usiurudishe ndani. Usimwagie mafuta, majani wala dawa ya kidonge iliyosagwa. Ondoa uchafu mkubwa kwa maji safi, funika kwa kitambaa safi chenye unyevu, na uende saa hiyo hiyo. Anahitaji dawa za kuua vijidudu mapema iwezekanavyo na kinga ya pepopunda. Mfupa uliooza kwa usaha nimeuona ukimtesa mtu miaka sita.

Walioanguka kutoka juu

Kigoma ni mkoa wa kukwea. Michikichi, miembe msimu wake ukifika, mizinga ya nyuki huko Kasulu na Kibondo. Mtu aliyeanguka kutoka juu ya urefu wake mwenyewe, usimkalishe ili "apate hewa." Usimwinue kwa kumshika makwapa na miguu. Mgongo ukiwa umevunjika, uti ulio ndani unaweza kuwa mzima bado, na ni ule mnyanyuo wenu wa haraka utakaoukata. Nimepokea watu waliosema miguu ilikuwa inacheza pale chini ya mti, ikanyamaza njiani.

Mmoja apige magoti kichwani, ashike kichwa kwa mikono miwili pande zote, kiwe sawa na kiwiliwili, na huyo ndiye atoe amri. Wengine watatu wajipange upande mmoja: begani, kiunoni, magotini. Kwa hesabu ya tatu wamgeuze kwa pamoja, kama gogo linavyobingirishwa, mtu wa tano asukume ubao au mlango nyuma yake, wamrudishe chali juu yake. Mfungeni asiteleze. Kama paja limevunjika, fungeni miguu yote miwili pamoja, katikati mmeweka nguo, maana paja linaweza kumeza zaidi ya lita moja ya damu bila tone kuonekana nje. Na tafadhali, asipandishwe bodaboda katikati ya watu wawili. Ni afadhali kungoja gari saa nzima akiwa amelala sawa kuliko kufika hospitali ya Maweni upesi akiwa amekaa.

Mkwea michikichi naye nina neno lake. Kamba ikaguliwe kila siku kwa kuipinda hatua kwa hatua kutafuta uzi uliokatika. Magamba yakiwa na maji ya mvua, siku hiyo usipande. Usiende shambani peke yako. Na anayepanda upya, aulizie mbegu ya Tenera inayotolewa na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga hapa hapa Kigoma. Huanza kuzaa miti ikiwa mifupi, miaka ya mwanzo unavuna ukiwa umesimama ardhini. Nikiipita miti hiyo namkumbuka baba.

Siku za hogo

Hogo likifungwa, saa 48 za kwanza ndizo za kulinda. Mguu au mkono uwe juu muda wote. Vidole vichezeshwe kila saa. Hatari yenyewe inajitangaza hivi: maumivu yanazidi badala ya kupungua, dawa haisaidii, na ukimnyooshea vidole yeye mwenyewe ametulia, anapiga kelele. Baadaye ganzi, na vidole kupauka. Nyama imevimba ndani ya kitu kisichotanuka, damu haipiti. Una saa chache tu, karibu sita, kabla misuli haijaanza kufa. Rudi hospitali hata kama ni saa nane ya usiku, useme waziwazi kwamba linabana, usikubali kuambiwa uvumilie hadi asubuhi. Mbanzi ya mganga wa mifupa inaleta hatari ile ile, na hiyo unaweza kuilegeza mwenyewe kabla hujaanza safari.

Waganga wa mifupa nimekaa nao, na kuna wenye mikono ya subira kuliko baadhi yetu tuliosoma. Nawaomba mambo matatu tu. Wasikaze mbanzi mpaka vidole vikabadilika. Wasipokee mfupa wenye kidonda. Wasimguse mtoto aliyeumia kiwiko.

Kiwiko cha mtoto nakitaja peke yake kwa sababu msimu wa embe kinaletwa sana. Mtoto anaanguka, anajizuia kwa kiganja, mfupa unakatika juu kidogo ya kiwiko, mahali ambapo mshipa mkubwa wa damu na mishipa ya fahamu inapita mbele yake kabisa. Kukivuta au kukikanda ni kuusugua ule mshipa kwa ncha kali ya mfupa. Kifunge kama kilivyo, usikikunje zaidi, uende.

Watu huniuliza hogo linakaa muda gani. Mkono wa mtu mzima karibu wiki sita, ugoko miezi mitatu hadi minne na zaidi, mtoto huwahi sana kuliko mtu mzima. Anayevuta sigara huchelewa. Usiliingize majini, usichokonoe ndani kwa kijiti likiwasha, na usijikatie kwa sababu wiki ya nne umeona hakuumi tena.

Si kila mtoto anayechechemea ameanguka

Hili niliandike polepole. Mtoto ana homa, na amekataa kukanyagia mguu mmoja au kutumia mkono mmoja. Watu wazima wanatafuta alipoangukia, na kwa kuwa watoto wanaanguka kila siku, wanapata jibu. Wanamchua. Kumbe ndani ya mfupa au kiungo kuna usaha. Kila siku inayopita mfupa unaliwa. Homa pamoja na kiungo kisichotumika ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Mtoto wa kati ya miezi sita na miaka miwili ambaye viganja au nyayo zake zinavimba na kuuma bila sababu, mpeleke akapimwe selimundu, yaani sikoseli. Na mtu mwenye maumivu ya mgongo yasiyoisha wiki hadi wiki, anayekonda, anatoka jasho usiku, au mgongo wake umeanza kutoa kibiongo, apimwe kifua kikuu, kwa kuwa kinaingia hata kwenye uti wa mgongo.

Magoti, viuno na mizigo

Siku za mbalamwezi dagaa hawavuliwi, taa haziwavuti, kwa hiyo wavuvi wanapumzika. Ndizo siku walizokuwa wanajaa chumba chetu, wakileta mabega, viuno na magoti ya miezi mingi. Makuli wa bandari ya Kibirizi nao. Dawa yao niliyoikuta mfukoni karibu kila mara ilikuwa vidonge vya maumivu vya kununua dukani, vya aina mbili tatu vinamezwa pamoja. Naomba mnielewe: diklofenaki na ibuprofeni ni dawa nzuri kwa siku chache, baada ya kula. Zikizoeleka miezi zinatoboa tumbo na kuharibu figo, na ukizimeza mbili za aina hiyo pamoja hupati nafuu maradufu, unapata madhara. Mjamzito asizitumie bila daktari. Kuna nyingine, prednisolone, ambayo watu wameambiwa inaongeza hamu ya kula na inatuliza viungo. Ikitumika muda mrefu inadhoofisha mifupa yenyewe. Parasetamoli ya miligramu 500, mtu mzima asizidishe vidonge nane kwa siku.

Kiuno kilichoshtuka kwa mzigo hakitaki kitanda. Siku moja mbili za kupunguza kazi, halafu tembea. Lakini ukipoteza hisia sehemu unayokalia, ukashindwa kuzuia au kutoa mkojo, au miguu ikalegea, huo si mshtuko tena, kimbia hospitali.

Goti la mtu mzima likiuma, mara nyingi gegedu, ule utelezi mgumu unaofunika ncha za mifupa, limelika, na wengi wanadhani tiba ni kulipumzisha. Kinyume chake. Misuli ya mbele ya paja ndiyo inayobeba goti. Ikilegea mzigo wote unabaki kwenye goti. Keti kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mpaka goti likaze, vuta unyayo kuelekea kwako, hesabu hadi kumi, shusha. Mara kumi kila mguu, mara mbili kwa siku. Ukizoea, simama na kuketi kwenye kiti bila kutumia mikono, mara kumi. Fanya miezi mitatu ndipo useme halisaidii. Na ukipunguza uzito wa kilo moja, goti linapunguziwa mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua.

Kushuka mlima kunalisumbua goti kuliko kupanda. Mama anayetoka Mwanga kwenda stesheni hapa mjini Kigoma kwa barabara ya Lumumba ashuke kwa hatua fupi, na mkongojo. Mkongojo ushikwe na mkono wa upande wa mguu mzima, si wa mguu mbovu. Tisa kati ya kumi ninaowaona barabarani wameushika upande usiofaa. Fimbo na mguu mbovu viende mbele pamoja, mguu mzima ufuate. Jaribu sasa hivi ndani ya nyumba yako, utasikia nyonga imepumua. Bibi wa hapa Ujiji ambao magoti yamewakatalia kusujudu nawaambia waswali wameketi kwenye kiti. Dini imeshawapa ruhusa hiyo.

Nyayo

Unyayo mmoja una mifupa 26, nasi tunaukumbuka ukishauma. Kisigino kinachochoma hatua za kwanza za asubuhi kisha kikapoa, ni ule utando mpana wa chini ya unyayo umechoka. Kabla hujashuka kitandani, pitisha khanga chini ya vidole, uvute vidole kuja kwako, hesabu hadi thelathini, mara tatu. Jioni bingirisha chupa ya maji ya baridi chini ya unyayo. Usitembee na kandambili zilizobonyea kama karatasi. Kinapona, ila kinadai miezi.

Magaga yanalowekwa kwenye maji ya uvuguvugu, yanasuguliwa kwa jiwe, si kwa wembe, kisha yanapakwa mafuta ya mgando na kuvalishwa soksi usiku. Fangasi za katikati ya vidole zinachukia ukavu: futa kila penye kona baada ya kunawa. Kucha zikatwe moja kwa moja, bila kuchimba pembeni.

Funza tulikuwa hatuna. Walishuka pwani ya Angola mwaka 1872 na meli iliyotoka Brazil, wakavuka bara zima kwa miguu ya wapagazi. Kumtoa kwa pini ile ile inayozunguka nyumba nzima ni kupeana vijidudu na pepopunda. Kama lazima utumie pini, iwe ya mtu mmoja, iliyochemshwa, na mguu uoshwe kwa sabuni kabla na baada. Kuchovya miguu kwenye mafuta ya taa kunaunguza ngozi. Ipo dawa ya majimaji ya dimetikoni inayomnyima pumzi funza. Lakini watarudi kama sakafu ni ya vumbi. Nyunyiza maji ufagie, mwaga vumbi mbali, mlaze mtoto juu ya kitanda au mkeka uliokung'utwa.

Mwenye kisukari aziangalie nyayo zake kila jioni, kwa kioo au kwa macho ya mjukuu. Asitembee peku hata ndani. Akung'ute viatu kabla ya kuvaa. Maji ayapime kwa kiwiko, na miguu asiioteshe kwenye jiko la mkaa msimu wa baridi: anaweza kuungua asijue. Kidonda kisichouma kwenye unyayo wa mwenye kisukari ndicho kinachokatisha miguu.

Dagaa kwa mifupa, na kwa nani wapungue

Tunakula madini ya mifupa kwa bei ndogo kuliko wengi. Dagaa wetu wakiliwa wazima, kichwa na mwiba vyote, wana kalisi nyingi. Anayewachambua akabaki na nyama anatupa kilicho bora. Kisamvu, maharage na maziwa yakipatikana, na jua kwenye mikono na uso. Watoto wachanga wanaofungiwa ndani siku nzima wanaweza kupata matege yasiyonyooka. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu kuwa na matege kidogo ni kawaida. Yakizidi baada ya miaka miwili, au mguu mmoja ukipinda kuliko mwenzake, apimwe. Mama aliyekoma hedhi mifupa yake inapungua haraka, na aina ya kuanguka ninayoiogopa kwake ni ile ya usiku akienda choo cha nje. Tochi iwe kitandani. Njia isiwe na mawe wala kamba ya mbuzi.

Kuna mtu mmoja asiyefaidi dagaa wengi: mwenye jongo, anayeamka usiku kidole gumba cha mguu kimewaka moto hata shuka halivumiliki. Dagaa, maini na pombe vinampandishia. Apime damu, apewe dawa yake, anywe maji ya kutosha, na kidole kile nacho kisichuliwe.

Nimalizie na wanaozaliwa. Mtoto akizaliwa nyayo zimegeukia ndani kama anataka kujitazama, si laana wala si kwamba mama alivuka kitu. Unyayo huo haunyooshwi kwa kukandwa kila akioga. Kuna njia iliyotengenezwa na daktari Ignacio Ponseti huko Iowa, Marekani: plasta laini inabadilishwa kila wiki, tano au sita hivi, kila moja ikiusogeza unyayo kidogo, kisha wengi wanakatwa kidogo ukano wa kisigino. Anzeni wiki za kwanza za maisha yake. Halafu vinakuja viatu vilivyounganishwa kwa chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, na baadaye usiku tu mpaka afike miaka minne au mitano. Hapo ndipo wazazi wanachoka. Mtoto anatembea vizuri, analia usiku, bibi anasema mtoeni viatu jamani anateseka. Msimtoe. Vifungeni kila usiku, kisigino kikiwa kimekaa chini kabisa ndani ya kiatu, na soksi isiwe na mkunjo.